Nywele za Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ng'ambo, hakuna mwanamke aliyetupa ovyo nywele zilizobaki kwenye chanuo. Zilikusanywa, zikazikwa uani. Zikiokotwa na mwenye husuda, tuliambiwa, utabaki na kipara.

Mama alikuwa akisukwa na Bi Zuhura, jirani yetu na shoga yake tangu usichana. Nilipenda kukaa karibu nao wakiusengenya mtaa mzima. Vicheko vyao sijapata kuvisikia kwengine. Siku moja Bi Zuhura aliacha kusuka ghafla.

"Shoga, hapa utosini pana nini? Pamenyonyoka, panang'aa."

Mama akasema siku nyingi panamuwasha, na mara nyengine panamchoma.

Bibi, mama yake mama, hakutaka maneno mengi. "Nani anayezizoa nywele zako ukishasukwa?"

Sote tulimjua. Mama alikataa, akalia, kisha taratibu akaanza kuamini. Akanywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, na kipara kikazidi kutanuka. Bi Zuhura alipobisha hodi, bibi alimjibu kutoka ndani kwamba mama kalala. Mama alikuwa macho, ameuma upindo wa kanga yake. Bi Zuhura hakuja tena.

Mwaka huu utosi wangu nao ukaanza kuwasha. Nikaenda kliniki ya ngozi. Benchini tulikuwa wanawake tu, na tulipovua mitandio nilishtuka: vipara vyetu vyote vilianzia katikati ya utosi, vikatambaa kwenda kando. Nikajiuliza, nani huyo aliyeziokota nywele zetu sote?

Daktari, binti mdogo kwangu, alinieleza bila haraka. "Ni maradhi, dada. Yanaua mizizi ya nywele. Palipokwisha kufanya kovu hapaoti tena. Palipobaki tutajaribu kupaokoa."

Jioni nilimsimulia mama. Alisikiliza, mkono juu ya mtandio ambao hata mbele yetu wanawe hauvui.

"Kwa hivyo Zuhura hakuchukua kitu?"

"Hakuchukua, mama."

Bi Zuhura alishafariki zamani, na mama hata msibani hakwenda.

Bibi simlaumu sana. Alimwogopea mwanawe, na woga hutafuta mtu wa kumshika. Mimi nimepewa dawa ya kupaka, huenda zilizobaki zikapona. Asubuhi yake nilimkuta mama amekaa kitandani, anamlilia shoga yake. Nikakaa naye.