Machela Inayopanda

Mama yangu anakaa mlimani, juu ya mji wa Bwera, mahali ambapo bodaboda hukuteremsha chini ya mlima, dereva akautazama mlima, akakutazama wewe, akageuza pikipiki bila kusema kitu. Kutoka hapo ni miguu. Njia inapita katikati ya mihogo na maharage yaliyolimwa kwenye mteremko mkali mpaka unajiuliza maharage yenyewe yanajishikilia na nini. Mimi nilizaliwa huko. Nilikuwa naupanda mlima ule na dumu la maji kichwani huku nikiimba na kugombana na dada zangu, vyote kwa pamoja.

Kisha nikaolewa na askari polisi, mtu wa kaskazini, tukapewa nyumba kambini Kasese. Kasese ardhi imelala. Maji yako bombani, sokoni unapelekwa na pikipiki, na kanisa liko nyuma ya ukuta. Nikanenepa. Sisemi kwa kujuta, nilinenepa vizuri na watu wakanisifu. Tatizo lilikuja Krismasi, nilipokwenda kumwona mama baada ya miaka mingi ya kupiga simu tu. Sikufika hata nusu ya njia. Pumzi ilikatika, moyo ukapiga mpaka nikausikia masikioni, nikaketi kwenye jiwe kama mzigo uliosahaulika. Nikawapa majirani waliokuwa wanapanda sukari na sabuni nilizombebea mama wampelekee, mimi nikarudi Bwera.

Jioni mama akapiga simu. "Sukari imefika," alisema. "Lakini mimi sikuzaa sukari."

Nikamwambia ashuke yeye, nitamtafutia watu wamshike mkono. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini inayouma kuliko kelele: "Miguu yangu haishuki tena. Na macho yanaingia giza, kila mwezi giza zaidi. Anayetaka nimwone, apande wakati bado naona."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilikuwa na mama aliye hai, ninajua anakaa wapi, na kitu pekee kilichosimama kati yetu kilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Nikaamua kufanya mazoezi.

Asubuhi ya kwanza nilivaa raba za mume wangu nikatoka kambini mbio. Sasa, kama hukai Kasese, nikueleze. Mji wetu una mto unaotoka mlimani, na mto huo ukikasirika hushuka na mawe makubwa na magogo, haubishi hodi. Kwa hiyo watu wanaokaa karibu nao wana akili yao: wakiona mama mzima, mwenye heshima zake, anakimbia barabarani, hawaulizi. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapiga mswaki aliniona, akatupa kikombe, akaingia ndani. Nilifikiri amekwenda kuniita mwendawazimu mbele ya mke wake. Mara nikasikia vishindo nyuma yangu. Nikageuka, namwona ana godoro kichwani, mke ana watoto, jirani anavuta mbuzi, na mtaa mzima unawafuata.

Nilitaka kuwaambia ni mazoezi. Pumzi haikuwepo. Nikainua mkono kuwazuia, wao wakaona naonyesha maji yanakotokea, wakaongeza mwendo. Na hapa ndipo ninapojicheka mpaka leo: nilipoona jinsi walivyokimbia, na mimi nikaamini. Nikasema moyoni, kumbe mto kweli umekuja, Mungu amenitoa nyumbani mapema. Nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani, tukaishia wote kwenye kiwanja cha juu, tukingoja maji ambayo hayakuja.

Mkubwa wa kambi akamwita mume wangu. "Afande," mume wangu akasema, "mke wangu alikuwa anafanya mazoezi." Mkubwa akamjibu kwa Kiswahili cha kambini, amri isiyo na mkia: "Mke wako hapana kimbia. Marufuku."

Nikaenda kliniki, kwa muuguzi mmoja mtaratibu. Akanisikiliza kifua, akanipima presha, akaniuliza kama kifua kinauma au kama naona kizunguzungu. Nikasema hapana, ni pumzi tu. Akaniambia mapafu ni mazima, ni mwili uliosahau kazi, na mwili uliosahau haufundishwi kwa kuchapwa. Nisikimbie. Nitembee, kila siku kidogo, na pumzi ikikaba nipunguze mwendo, niitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza uji. Kifua kikiuma nisimame, nirudi kwake haraka. "Na kipimo chako ni mdomo," akasema. "Utembee huku unaongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda mbio mno."

Kuongea, sawa. Lakini na nani, na kuhusu nini? Siku ya kwanza nilijaribu peke yangu na watu wakavuka barabara. Siku ya pili nikamchukua mume wangu, tukashika barabara ya kwenda Muhokya. Mume wangu si msemaji. Ukimwambia habari za mbingu na dunia anajibu "ee." Ndipo nikagundua kwamba jambo pekee linalonifanya niongee bila kuchoka ni kumgombeza.

Nikaanza na kiti cha plastiki alichokikalia vibaya kikavunjika. Nilisema "Wewe kile kiti" na pumzi ikaisha. Nikapoza uji wangu, hatua chache, nikaendelea: "ulikikalia kama." Nikasimama. Alinisubiri kwa adabu zote. "Kama nini?" akauliza. Alikuwa anataka kujua kweli.

Baada ya wiki chache niliweza kumaliza kiti chote bila kusimama. Nikahamia kwa dada yake. Dada yake ni mada ndefu, yenye kona, inataka mapafu. Mume wangu alitembea kando yangu akisikiliza ukoo wake ukichambuliwa, na tukifika kwenye kilima kidogo anasema, "Hapa punguza mwendo, usipoteze neno." Wake za askari wakaanza kuja nyumbani kunipa pole ya ndoa. Mmoja akaniletea ndizi na maombi. Nikimwambia sina ugomvi na mume wangu, ni muuguzi aliyeniagiza, ananishika mkono na kulia zaidi.

Mpaka jioni moja nilikipanda kilima kile nikamsema kuanzia dada yake hadi soksi zake, nikafika juu, nikamalizia na sentensi nzima iliyonyooka. Mume wangu akavua kofia. "Sasa unaweza kwenda kwa mama," akasema. Nilifurahi mpaka nikamwomba msamaha wa kiti.

Yeye alikuwa zamu, hivyo nikaenda peke yangu. Bodaboda ikaniteremsha, dereva akafanya yale wanayofanya. Nikaanza kupanda polepole nikijisemea mwenyewe, na nikavuka lile jiwe la Krismasi nikiwa bado nasema. Moyo wangu ulijaa. Ndipo kiburi kikaniponza. Nikaongeza mwendo, nikitaka kufika kabla jua halijakaa kichwani, na mahali njia inapojikunja kama inataka kurudi nyuma, pumzi ikanitoka yote kwa mpigo. Nikaketi kwenye majani. Sikuogopa. Nilijua la kufanya: midomo ibanwe, pumzi itoke taratibu, baada ya muda kidogo ninyanyuke.

Wakati huohuo kikatokea kundi la wanaume wa kijijini kwetu, ndio wanaobeba wagonjwa. Walikuwa wamemshusha mama mja mzito hospitalini, sasa wanarudi na machela tupu. Walinikuta nimeketi, jasho linatiririka, midomo imebanwa, napuliza. Mmoja wao, aliyekulia upande wa Kongo, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, unaumwa wapi?"

Nikainua kidole, maana yake ngoja kidogo nipumue.

"Anaonyesha mbinguni," akawaambia wenzake. "Uyu mutu anakwenda."

Watu hawa hawangoji mgonjwa akubali. Wangekuwa wanangoja, nusu ya kijiji ingekuwa imekufa ikibishana. Walinilaza kwenye machela, wakanifunga kwa leso zangu mwenyewe nisiteleze, na kwa sababu jua lilikuwa kali, mmoja mwenye huruma akachukua kitenge akanifunika uso. Wakauliza mama huyu anakwenda wapi, nikaweza kutoa jina la mama na la kilima chetu tu. Basi wakaniinua mabegani na kupanda, wakiimba ule wimbo wa kupokezana unaowapa hatua.

Sasa huku kwetu machela ina sheria ambayo kila mtoto anaijua. Hospitali iko chini, makaburi yako juu. Mgonjwa hushuka, maiti hupanda. Hakuna mtu hai aliyewahi kubebwa kupanda mlima ule. Nikiwa chini ya kitenge nilisikia jembe likianguka kwenye shamba la kwanza, kisha mwanamke akapiga yowe. Shamba la juu yake likaitikia. Kilio kikatutangulia mlimani, shamba hadi shamba, haraka kuliko tulivyokuwa tunakwenda sisi, na mimi nimelala nashangaa ni nani aliyekufa.

Simu ikaita kifuani mwangu. Wabebaji wakasimama ghafla, machela ikayumba. Niliuchomoa mkono mmoja nikapokea. Alikuwa mume wangu.

"Nani anaongea?" akauliza, sauti haikuwa yake.

"Mimi. Nani mwingine atapokea simu yangu?"

"Wamenipigia kutoka huko. Wanasema umekufa."

"Sijakufa. Niko kwenye machela."

Mume wangu amekaa na watu wa milimani vya kutosha. "Machela inapanda au inashuka?"

"Inapanda."

Nikamsikia analia. Sijawahi kumsikia akilia, hata alipomzika baba yake. Nilimsema mpaka akanyamaza, sentensi baada ya sentensi bila kupumzika, na ndipo aliposadiki kwamba niko hai. Nikawaamuru wale wanaume waniteremshe. Waliniteremsha haraka sana.

Sehemu iliyobaki nilitembea, wao nyuma yangu na machela yao tupu, wamekata wimbo. Njiani nikampita bibi mmoja amejifunga nguo kiunoni, uso umelowa machozi. Nikamsalimu. Hakunitambua, na kwa nini anitambue, nilikuwa sijapita pale tangu nikiwa mwembamba.

"Pole na msiba," akaniambia. "Na wewe umekuja kuzika?"

"Nani amefariki?"

"Binti wa yule mama wa juu. Yule wa kambini, asiyekujaga."

Nilishindwa kumwambia ni mimi. Neno lile "asiyekujaga" lilinichoma, na nilitembea nalo mpaka uani kwa mama.

Watu walikuwa wamejaa. Walionitambua wakarudi nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono shavuni, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikapiga magoti mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu, uso wake karibu kabisa na wangu, akinigeuza kwenye mwanga. Akanishika mashavu, mabega, mikono.

"Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nimekuona."

Tukalia wote wawili, na ua mzima ukalia upya, safari hii hakuna aliyejua tunalilia nini.

Nyuma ya nyumba majembe yalikuwa bado yanapiga ardhi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaambia wachimbaji. Tulipokwenda kuwasimamisha nilikuta shimo limefika kiunoni, kando ya kaburi la baba, pale mama alipopatenga kwa ajili yake mwenyewe tangu siku tulipomzika mzee. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kupanda hata mchicha pale.

"Mama, hapa si pako?"

"Niliwaambia wakulaze hapo," akasema. "Nilisema hakukaa na baba yake akiwa hai, basi akae naye sasa. Mimi ningetafuta pengine."

Nikamshika mkono.

Shimo la kaburi likichimbwa haliachwi wazi. Wazee wakasema hivyo, na mama akakubali. Wakakata mgomba mzima, wakaufunga kwenye shuka iliyokuwa yangu, wakauweka kwenye ileile machela, wakaushusha kaburini kwa kamba. Mwalimu wa kanisa akaomba sala fupi, akiwa hajui amwombee nani. Nikatupa udongo wa kwanza juu yangu mwenyewe, na wale waliokuja kulia wakapewa chai.

Mama alisimama amenishika mkono mpaka shimo likajaa. Kisha akaniuliza kama naona ile mibuni ya mwisho, kule juu ya nyumba, mahali mlima unaposimama wima kabisa. Yeye alikuwa haioni tena kutoka pale. Nikasema naiona.

"Mimi mtanilaza kule," akasema. "Hapa pamejaa. Kwa hiyo usiache mazoezi."