Tarumbeta Mbili Kinywani mwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliweza kupiga tarumbeta mbili kwa wakati mmoja, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Babu yetu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na tangu siku zake bendi ya kanisa letu haikuwahi kukosa mtu wa ukoo wetu. Mdogo wangu alipiga sauti ya kwanza, mimi ya pili. Nilipokwisha kuwa mwalimu wa chuo kule Njoro, kisha nikachaguliwa mzee wa kanisa, niliona si heshima kuandamana barabarani mashavu yakiwa yamefura. Nikaacha.

"Nenda tu, mwalimu," alinitania. "Kiti chako hakitakaa bure."

Miezi michache baadaye alisimama mbele ya waumini akiwa na tarumbeta mbili, moja kila mkono, kila moja ikibanwa kwenye pembe yake ya kinywa. Sauti zote mbili zikatoka. Watoto walipanda juu ya viti.

"Huyo ni mtu ama ni kinanda?" mama mmoja nyuma yangu aliuliza, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nimeamini maisha yangu yote kwamba ibada ikigeuzwa maonyesho, anayeabudiwa ni mpigaji. Nilimrekodi kwa simu, nikaupeleka ushahidi huo mbele ya baraza la wazee.

Alikuja barazani moja kwa moja kutoka kazini Kariandusi, nyusi nyeupe kwa vumbi la machimbo. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini anajionyesha. Akanitazama mimi, si mwenyekiti.

"Mwalimu anaujua wimbo ule," alisema. "Asikilize."

Akasimamishwa bendini hadi atubu, naye hakutubu. Kabla ya mwaka kwisha aliugua wiki tatu, akafa.

Tulipoitwa kuutazama mwili, niliona makovu mawili madogo kwenye pembe za midomo yake. Nilitoka nje, nikaketi ndani ya gari, nikaifungua ile video. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi. Sikuwa nimeisikiliza hata mara moja. Kabla ya mstari wa mwisho tarumbeta ya kushoto, iliyopiga sauti ya pili, ilinyamaza kidogo, huku ya kulia ikiendelea. Palepale ndipo mimi nilipokuwa nikiishiwa pumzi kila Jumapili, kosa ambalo kiongozi wa bendi alinikemea kwa miaka. Anayetafuta sifa haigi kosa la mwingine kwa uangalifu namna ile. Alikuwa amenishikia nafasi yangu, pamoja na udhaifu wangu.

Siku ya mazishi mjane wake aliniletea tarumbeta ile ya kushoto.

"Shemeji, bendi haina sauti ya pili."

Sauti ya kwanza hawakumpa mtu. Waliiacha wazi kwa heshima yake. Nilisimama kaburini nikapiga. Kabla ya mstari wa mwisho pumzi ikanikatika, palepale. Na katika pengo lile nikaisikia sauti ya kwanza ikiendelea, safi, haina haraka, kana kwamba inanisubiri niingie.

Nikageuka. Bendi nzima ilikuwa imesimama, tarumbeta zote zimeshushwa vifuani.

"Mwalimu, endelea," jirani yangu alininong'oneza. "Tunakungoja wewe."