Gundi Iliyofungwa Mdomo

Miaka ile simu moja ya mkono ilitumiwa na mtaa mzima, mwanangu alikuwa fundi viatu soko la Kitale. Gundi aliijua kuliko Zaburi. Binti yake alipotuambia ati chuoni anasomea gundi, baba mtu alicheka mpaka akakohoa. Akasema aache hiyo kemia, aende Lugulu kwa misheni asomee unesi.

Mjukuu wangu hakubishana, alitoa kimkebe cha gundi kwenye begi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini alinieleza nikashika. Kuna kitu kinaitwa isosianati, kikali kama mbwa wa mlinzi, kinauma chochote kilicho karibu, hata unyevu wa hewa. Ndiyo maana gundi yenye kitu hicho huharibika mkebeni. Yeye alikifunga mdomo kwa dawa nyingine, huko huko maabara, kwa sababu kikiwa wazi kinachoma kifua. Kisha akakipima kwa matone mpaka rangi ikageuka, akajua hakuna kilichobaki wazi. Ukikipasha moto sana, dawa inakiachilia, nacho kinauma kilichopakwa, ndipo gundi inashika.

Baba yake akamtupia mkoba wangu wa kanisani, wa turubai, mshipi umekatika. "Haya, hicho kitu chako kiume hapa. Kikishika, rudi chuo. Kisiposhika, tusisumbuane."

Msichana alipaka gundi, akabana kwa pasi ya makaa. Baba akavuta kidogo tu, mshipi ukateleza kama uji.

"Baba, pasi haijafika moto unaotakiwa," msichana akasema. "Kama gundi ingefunguka kwa moto huu mdogo, si ingefunguka hata juani?"

Kweli, makaa yalikuwa na unyevu. Nikaleta mengine makavu, tukafungua milango yote mvuke usituchome kifua, nikapepea mpaka tone la maji likaruka juu ya pasi. Akabana tena, akangoja ipoe.

Safari hii mwanangu alikanyaga mkoba, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Turubai ikapasuka kando. Pale palipobandikwa pakabaki vile vile.

Alipageuzageuza, akapanusa. "Ukifika huko chuo," akasema, "waulize kama inashika ngozi."

Nilishona kale kapasuko, nikabeba mkoba mpaka Bungoma kwa dada zangu. Nikawaambia wavute.