Kipa Aliyebaki Ng'ambo

Vijana wa Lipangalala waliniita afande, ingawa nilikuwa nimevua magwanda miaka mingi nyuma. Sikuwakataza. Asubuhi nilikuwa injinia wa madaraja ya mbao kwenye barabara ya kwenda Mlimba, jioni nilikuwa kocha wao, na kote kuwili nilibaki askari. Aliyechelewa mazoezi alizunguka uwanja mara kumi. Nikisema simama, mtu alisimama hata kama siafu wanampanda miguuni. Timu nyingine zina vipaji, nilikuwa najisifu, sisi tuna nidhamu. Upuuzi mtupu, maana tulifungwa kama wengine.

Kipaji tulikuwa nacho kimoja tu, kipa wetu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke, mtoto mmoja, na mikono mirefu ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya tisini timu kubwa ya Morogoro ilituma ujumbe kwamba mtu wao angekuja Jumamosi moja ya Aprili kumtazama. Akimpenda, angeondoka naye.

Tatizo ni kwamba Aprili, bondeni kwetu, si mwezi wa mpira. Mpunga unaanza kuzaa, na familia nzima zinahamia mashambani kuamia ndege. Watu wanashinda juu ya dungu wakipiga madebe na kelele ili ndege wasimalize punje. Kipa naye alikuwa shambani upande wa Mchombe, ng'ambo ya mto. Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama atafika.

"Afande, daraja si lako?" alicheka. "Jumamosi asubuhi nipo."

Daraja lilikuwa langu kweli, na hapo ndipo penye aibu yangu. Kabla ya masika idara ya barabara iliniachia magogo manne ya mvule ya kuongezea nguzo za daraja. Nilipoyaona yamenyooka vile nikaukumbuka uwanja wetu, na milingoti ya mianzi iliyoinama kila mpira ulipoigonga. Nikayachukua yote manne, nikasimika magoli mawili ya kupendeza, kisha nikaandika barua kuomba mengine. Vita ya Kagera niliipigana nikiwa mhandisi wa medani. Tuliwahi kujenga daraja kwa siku moja huku tukilala kifudifudi kila risasi zilipolia, kwa hiyo mvua za Kilombero niliziona mchezo wa watoto. Barua haikujibiwa.

Jumamosi ile asubuhi nilifika darajani kwa baiskeli kumpokea, mwendo wa saa moja na ushei, nikakuta hakuna daraja. Maji ya tope yalikuwa yamefurika hadi barabarani, yanapita na miti mizimamizima. Ng'ambo alisimama kipa, viatu vya mpira vimening'inia shingoni. Pembeni yake alikuwapo mzee mwenye mtumbwi.

"Shikamoo, afande!"

"Marahaba! Usivuke!"

"Huyu mzee anasema atanivusha!"

"Nimesema usivuke! Kaa hapo hapo!"

Akabana miguu akapiga saluti, kama nilivyowafundisha. Vitani niliona wenzangu wawili wakichukuliwa na maji, sikutaka kuona wa tatu. Sikuwa na kamba, sikuwa na ubao, sikuwa na mtu wa kunisaidia. Injinia mzima, nimesimama nimeshika usukani wa baiskeli, natazama maji. Nilikaa hivyo hadi saa saba, kisha nikageuza, kwa sababu wengine walikuwa wananisubiri uwanjani.

Mechi ilianza saa kumi. Golini tulimweka beki wetu, akafungwa manne. Mgeni wa Morogoro aliuliza habari za kipa mara mbili. Nikamweleza mafuriko, naye akanisikiliza kwa heshima zote, akanipa pole, akapanda gari kabla mpira haujaisha.

Kipa alikuja Jumanne. Nilimuuliza amevukaje.

"Kwa mtumbwi ule ule, afande. Mbona hata Jumamosi, ulipoondoka tu, maji yalitulia kidogo? Mzee akamvusha bibi mmoja na kuku wake. Wakafika salama salimini."

Nilihesabu kichwani. Kama ningesubiri kidogo nikampakia kwenye baiskeli, angewahi mechi, na muda wa kupumzika ungebaki.

"Na wewe?"

"Wewe si ulisema nisivuke?"

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Laiti angenitukana. Nilitaka kumwambia kuhusu magogo, kwamba ni mimi niliyelidhoofisha daraja na ni mimi niliyemfungia upande ule. Badala yake nikamuuliza habari za mpunga.

"Watakuja tena lini?" akauliza.

"Mwakani," nikasema.

Hakuna aliyeniahidi mwakani. Lakini Aprili iliyofuata, kabla ya kwenda shambani, alipita nyumbani kuuliza, nikamjibu hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Aprili ya nne alinisalimia tu akaenda zake na jembe begani. Hakuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.