Fuawe ya Kishanda

Mjane wa mwalimu wangu alinipigia simu Ijumaa asubuhi, nikiwa nachomelea geti la mteja kwenye karakana yangu pale Bakoba, Bukoba mjini. Siku zote husalimia kwa kirefu, lakini siku hiyo salamu zilikuwa fupi.

"Shemeji yangu anasema fuawe imepasuka," alisema. "Kesho anakuja na mtu wa vyuma chakavu. Tafadhali waitu, njoo uiangalie wewe kwanza."

Marehemu mume wake alikuwa mhunzi wa Kishanda, kule Muleba. Mimi ni mmoja wa waliojifunza kazi kwake. Nilikaa naye miaka mitatu baada ya kufeli kidato cha nne, na kila nilichofua wakati huo nilikifulia juu ya fuawe ile, chuma kizito cha kugongea kazi. Alipofariki aliacha mke, na binti mmoja aliyekuwa akifua naye mihoro ya kufyekea na majembe tangu alipomaliza shule. Fuawe yenyewe ilinunuliwa na baba mzazi wa mwalimu kutoka karakana ya misheni, zamani sana, na ndiyo maana mdogo wake mwalimu, huyo shemeji, naye aliona ana haki nayo.

Nilimjibu nitakuja. Sikumwambia kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi mjini nilikuwa naitamani. Mimi hufulia juu ya kipande cha reli. Fuawe ya namna ile huipati Bukoba wala Mwanza, hata ukiwa na fedha mkononi.

Jumamosi niliondoka mapema kwa pikipiki. Mvua ilinikuta karibu na Kanazi, nikafika Kishanda nguo zimelowa. Pikapu ya mtu wa vyuma chakavu ilikuwa imeshafika, imerudishwa nyuma hadi mlangoni mwa banda la uhunzi. Fuawe ilikuwa nje, imeshushwa kutoka kwenye gogo lake, imelazwa ubavu juu ya majani ya migomba kwenye udongo laini. Sikuwahi kuiona chini. Niliona aibu, kana kwamba nimemkuta mzee ameanguka na watu wamesimama tu.

Shemeji mtu, karani mstaafu na mzee wa usharika, alikuwa amesimama pembeni yake na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuangalia au umekuja kumsemea huyu mama?"

"Nimekuja kuangalia."

"Basi sikiliza." Alichukua nyundo akaigonga fuawe. Ilitoa mlio mfupi, butu, kama umegonga gunia la mahindi. "Kaka yangu akifua, tulikuwa tunaisikia hadi barabarani. Sasa imekufa. Na ufa wenyewe huu hapa."

Alinionyesha mstari mweusi kiunoni mwa fuawe, pale inapokuwa nyembamba kati ya uso na miguu. Kama mstari ule ulikuwa ufa kweli, kazi ilikuwa imekwisha. Chuma kilichopasuka kiunoni huuzwa kwa kilo.

Binti alikuwa mlangoni mwa banda, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa akiniangalia mimi, si fuawe.

Niliomba mafuta ya taa na chaki. Binti aliingia ndani kuyatafuta, na baba yake mdogo akamfuata. Mama alikuwa barazani, mbali kidogo. Hapo yule mnunuzi wa vyuma chakavu alichuchumaa karibu nami, akajifanya anaangalia kutu.

"Fundi, wewe una karakana mjini, si ndiyo?" alinong'ona. "Sema imepasuka. Mimi naichukua kwa kilo. Tukifika Muleba mjini nakuachia wewe, unaniongezea kidogo tu."

Nilipaswa kukataa palepale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Nilichukua brashi ya waya nikaanza kusugua ule mstari, na kichwani niliiona fuawe imekaa katikati ya karakana yangu. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Akanigusa bega, akainuka.

Mafuta yalipoletwa nilimwagia kiunoni, nikaacha yaingie. Kisha nilipangusa kwa kitambaa hadi pakakauka kabisa, nikapaka unga wa chaki juu yake. Niliwaeleza wote kwamba kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi, na chaki italowa kwa mstari. Kama hakuna, itabaki nyeupe. Tungoje.

Tulingoja. Mnunuzi alitazama saa mara mbili. Shemeji mtu alianza kunung'unika kwa Kihaya, kisha akaniambia kwa Kiswahili ili mnunuzi naye asikie, "Hizi ni mbinu. Ameshakununua huyu mama. Wewe utasema anachotaka."

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni hasira, kwa sababu aliyejaribu kuninunua alikuwa mtu wake.

"Mzee," nilisema, "mtu aliyetaka kuninunua ni huyu uliyemleta. Ameniambia niseme imepasuka, kisha aniuzie mimi."

Mzee alimgeukia mnunuzi. "Ni kweli?"

"Mzee, hii ni biashara tu."

"Lakini ni wewe uliyeniambia imepasuka! Ulikuja kwangu, ukanionyesha picha ya huu mstari kwenye simu!"

Nilidhani jambo limekwisha, lakini mama alikuwa ameshuka barazani. Alisimama mbele yangu.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu kitu, mama."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa nasubiri vipimo. Angeniamini. "Kwa sababu naitaka," nilisema. "Niliitaka hata mwalimu akiwa hai."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema taratibu, "Basi neno lako leo halitoshi. Weka brashi chini. Utatueleza cha kufanya, na wengine watafanya."

Niliweka brashi chini.

Chaki ilikuwa bado nyeupe. Binti alipitisha kidole juu yake, akawaonyesha wote kidole kikavu. Mstari ulikuwa alama ya pale vipande viwili vilipounganishwa kiwandani, na kutu iliyotuama juu yake. Hata hivyo mzee alisema, "Na ule mlio?" Nikamwambia fuawe iliyolala ubavu kwenye udongo laini haiwezi kulia vizuri. Irudisheni kwenye gogo.

Iliinuliwa na watu wanne: mzee mwenyewe, baada ya kuvua koti, binti, jirani mmoja, na dereva wa pikapu. Mimi sikuruhusiwa kugusa. Ilipotulia, binti alipitisha tupa usoni mwake. Tupa iliteleza bila kung'ata, maana yake chuma cha juu kilikuwa bado kigumu. Akaweka rula ya chuma, tukaona mbonyeo mdogo katikati, wa miaka mingi ya kazi. Kisha akaangusha gololi ya beringi kutoka urefu wa shubiri. Iliruka ikarudi karibu yote mkononi mwake.

"Baba mdogo," alisema, "gonga sasa."

Mzee aligonga. Mlio ulikuwa mkali na mrefu, ukatoka bandani ukaingia kibanjani kwenye migomba, na mbwa wa jirani akabweka. Aligonga tena bila kuambiwa. Akaendelea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na kwenye kona ya nyuma mlio ukafa.

"Na hapa je?" alinigeukia, karibu kwa furaha. "Useme na hapa."

"Hapo ni pabovu," nilisema. "Bamba la juu limeachia kwenye hiyo kona. Halitengenezeki hapa kwetu. Binti asipige kazi nzito hapo. Sehemu iliyobaki ni nzima, itafanya kazi miaka mingi kuliko mimi."

"Thamani yake?"

"Ningeuza ng'ombe wangu wa maziwa na ndama wake ili niipate. Na kwa hiyo kona, bado ningewauza."

Mzee alimpa binti nyundo, akamwambia mnunuzi aondoe gari. Alipokuwa akivaa koti alimwambia binti kwamba ana springi ya gari nyumbani, ataileta amfulie muhoro. Akampita mama bila kuaga.

Nilipewa chakula, ndizi na maharage, kama mgeni yeyote. Nilipokuwa navaa kofia ya pikipiki, mama alinisindikiza hadi mwisho wa migomba, si hadi barabarani kama zamani.

"Umesema ukweli, nashukuru," alisema. "Lakini siku nyingine ukitaka kuja, piga simu kwanza."

Nimerudi mara tatu tangu siku hiyo, kumsaidia binti kunyoosha kingo za ile fuawe. Kila mara nimepiga simu kwanza.