Keren achagua chuo cha matrekta

Ni saa mbili asubuhi mtaani Southall, ughaibuni. Keren Jebiwott anamfunga Mzee Vinod vifungo vya sweta, lakini mzee hana haja na uji wala dawa. Anataka kujua jambo moja tu: Keren amechagua chuo kipi?

Keren, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, anaishi Kilburn na amehudumia wazee majumbani mwao kwa miaka kumi na mmoja. Alizaliwa Moiben, kwenye mashamba ya ngano ya Kenya, ambako baba yake aliendesha mashine ya kuvunia.

“Mwaka mmoja mashine iliharibika, tukamsubiri fundi siku tisa,” anakumbuka. “Mvua ikanyesha, ngano ikaota ikiwa bado kwenye masuke. Siku hiyo nilitamani ufundi.”

Tamaa hiyo ililala hadi alipopangiwa kumhudumia Vinod, mzaliwa wa Nakuru aliyetengeneza matrekta huko kwa miaka ishirini. Ndiye aliyemsukuma aombe stashahada ya miaka miwili ya mitambo ya kilimo.

Vyuo viwili vikamkubali. Kimoja kiko karibu na kinang'aa kwa vioo. Kingine ni mwendo wa saa moja na nusu kwa treni, na paa la karakana yake linavuja. Keren alielekea kuchagua cha karibu, asije akapoteza zamu nyingi za kazi. Mzee akamshauri aende kwanza akatazame mikono ya wanafunzi.

Akaenda. Katika chuo cha karibu, injini zilifundishwa kwenye skrini, na mikono ya wanafunzi ilikuwa safi, bila doa la mafuta. Alipoomba kugusa trekta aliambiwa ni la maonyesho. Katika kile cha mbali, mwalimu aitwaye Nishma alimpa ovaroli na spana, akamwonyesha pampu ya dizeli iliyogoma. Baada ya saa nzima injini ilinguruma, na Keren akacheka hadi machozi yakamtoka.

“Nimechagua cha mbali, Mzee,” anamwambia sasa.

Vinod anatabasamu, kisha anauliza kwa sauti ya chini ni nani atakayemhudumia. Keren anamweleza kwamba masomo yanaanza Septemba, na kwamba Jumamosi na Jumapili ataendelea kuja kumhudumia. Akihitimu, anakusudia kufungua karakana Moiben na kuwafundisha wasichana kazi hiyo.

Mzee anajifungia mwenyewe kifungo cha mwisho.

“Basi Jumamosi uje na ovaroli chafu,” anasema. “Ikiwa safi, sikufungulii mlango.”