Chupa Tatu za Roshanini

Mama yangu hakuwa na imani na Uingereza katika mambo ya upepo. Kila mwaka, majani yakianza kuanguka, alitoa kikapu chini ya kitanda na kuanza kukijaza: mishumaa, viberiti, biskuti, sukari ya vidonge, pamba, spiriti, na sindano yake ya kioo iliyokaa ndani ya kopo la chuma. Kisukari alikuja nacho kutoka Unguja. Presha ilimkuta hapa hapa Birmingham. Tulikaa Castle Vale, ghorofa ya kumi na moja, mahali palipokuwa zamani uwanja wa ndege, na upepo haukuwa na kitu cha kuuzuia. Umeme ukikatika lifti husimama, na yeye kwa miguu yake iliyovimba hakuziweza ngazi. Kwa hiyo sikumcheka kwa kile kikapu, au nilimcheka kidogo tu.

Insulini ilikuwa juu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nafanya kazi kiwandani, na nilijiona mjuzi kuliko wote nyumbani. Wote wenyewe tulikuwa wawili.

Unguja hatukuwa na friji. Chupa zilikaa zimetumbukizwa kwenye mtungi wa maji, na daktari wa kule kila mwezi alirudia neno lilelile: dawa isipate joto. Hakutuambia lolote kuhusu baridi, na angeanzia wapi? Tukaja na neno lake mpaka Ulaya, wala hatukuliuliza tena.

Januari moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, redio ilitangaza dhoruba yenye theluji. Kufika alasiri umeme ulikuwa umeshakatika. Sebuleni tuliwasha jiko la mafuta ya taa, chumba kikapata joto zuri, na mimi nikaanza kuihofia dawa kwenye friji iliyozima. Nikazichukua chupa zote tatu, nikazifunga kitambaa, nikazitia kwenye sufuria na kuiweka nje roshanini, na tofali juu ya kifuniko. Mama akauliza kama kule si baridi mno. Nikamwambia baridi haijapata kuharibu kitu, atazame nyama inavyohifadhiwa.

"Haya, mjuaji," akasema.

Asubuhi chupa mbili zilikuwa zimepasuka. Ya tatu ilikuwa nzima, lakini barafu ilipoyeyuka dawa ikabaki na madonge, kama maziwa yaliyochacha. Nilitikisa, nikatikisa tena. Niliogopa hata nikakaa sakafuni. Mama aliitazama chupa, hakunigombeza. Alisema tu kwamba sindano yake ni ya saa mbili na sasa ni saa tatu.

Nilishuka ngazi zote, nikaenda kwa miguu kwa daktari kuandikiwa, kisha duka la dawa. Siku zile insulini ilitolewa kwenye kongosho za wanyama, ng'ombe au nguruwe, na mama hakuchomwa ila ya ng'ombe. Mwenye duka alilijua hilo. Alipekua rafu zake muda mrefu, akarudi na kisanduku kimoja. Ya ng'ombe, alisema, iko kwenye gari lililokwama njiani. Labda kesho, labda keshokutwa. Hii ni ya nguruwe. Akaongeza kwamba kukaa mpaka keshokutwa bila kitu kungeweza kumuua.

Kupanda ngazi kulinipa muda wa kutunga uongo. Mama hakusoma Kiingereza. Ghorofa ya tano niliamua kumwambia ni ya ng'ombe kama siku zote. Ya tisa nilikuwa bado nimeamua hivyo. Nikamkuta karibu na jiko, midomo imekauka, bilauri ya maji mkononi na jagi karibu tupu. Akanitazama. Nikamwambia ni ya nguruwe.

Nikaanza kumsomesha dini, mimi, yeye aliyenifundisha alifu kwa kijiti: kwamba mgonjwa ana ruhusa, kwamba dharura huhalalisha, kwamba Mungu ni mwingi wa rehema.

"Hayo nayajua kabla hujazaliwa," akasema. "Dharura huileta Mungu. Hii umeileta wewe."

Nikachemsha sindano juu ya jiko, nikaiacha ipoe, nikavuta dawa kama nilivyozoea. Nikapiga magoti mbele yake nikasubiri. Nje upepo ulikuwa umeshapungua.

"Kama ina dhambi," akasema mwishowe, "ichukue wewe."

"Nimeichukua, mama."

Akafunua paja, akageuza uso ukutani.